Saratani ya Kichwa na Shingo Inapotokea Mbali na Ilipoanzia

Saratani za kichwa na shingo zina njia inayojulikana. Nyingi huanza kwenye utando laini wa ndani ya mdomo, ulimi, koromeo au zoloto, katika seli bapa zinazoufunika utando huo. Zikishautoboa, huingia kwenye mishipa myembamba ya limfu, yaani yale majimaji ya mwili yanayokusanywa na kurudishwa kwenye damu, kisha hukwama kwenye tezi za shingo. Wengi wanaouawa na maradhi haya huuawa na madhara ya hapo hapo: njia ya hewa huziba, chakula hakimezeki, mshipa mkubwa wa shingoni hutoboka. Takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi ndiye anayegundulika kuwa na usambaaji wa mbali, ambao madaktari huuita metastasisi. Kwa hao, mapafu huathirika katika theluthi mbili hivi, mifupa katika moja ya tano, na ini katika moja ya kumi.

Zaidi ya hapo kuna wachache wanaotatiza. Uvimbe hutokeza kwenye ngozi ya tumbo, kwapani, kwenye msuli wa moyo, figoni, ubongoni au kwenye ncha ya kidole, pengine muda mrefu baada ya kidonda cha mdomoni kutibiwa na kusahauliwa. Majarida ya tiba huwaita wagonjwa hawa nadra. Hata hivyo, kila uvimbe wa aina hiyo una njia uliyoipita, na mengi yanayoonekana ya ajabu hueleweka pale mgonjwa anapopimwa mwili mzima na historia yake inapoandikwa. Kwa mtaa kama Kisenyi, jambo hilo linagusa uhai wa watu.

Kisenyi iko bondeni katikati ya Kampala, chini ya vilima vya Old Kampala na Mengo, jirani na soko la Owino. Ni mtaa wa vinu vya kusaga mahindi, karakana za vyuma, mabasi ya mikoani na vyumba vya kupanga, na Kiswahili chake ni cha Wasomali, Wakongo, Wanubi na watu wa kila pembe ya Uganda. Mwaka 1957 wanaanthropolojia Aidan Southall na Peter Gutkind walichapisha utafiti wao kuhusu maisha ya mjini Kampala, na sehemu mbili walizozichunguza kwa karibu zilikuwa Kisenyi na Mulago. Mtaa wa kwanza ulikuwa wa wapangaji na wahamiaji, nao umebaki hivyo. Mtaa wa pili una hospitali ambayo, mwaka huo huo, ilikuwa inaanza kutoa somo kubwa kuliko yote kuhusu saratani ya kichwa inayoonekana mahali isipotarajiwa.

Mwaka huo tabibu Hugh Trowell alimwita wodini daktari mpasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, amwone mtoto wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne: juu na chini, kulia na kushoto. Hali hiyo haikulingana na lolote alilolijua Burkitt, kwa kuwa jipu la jino hukaa upande mmoja, na saratani ya mfupa vilevile. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona dirishani mtoto mwingine mwenye uso wa namna hiyo hiyo. Alitoka nje, akampima, na hakuishia usoni. Alipolipapasa tumbo la mtoto huyo alikuta vivimbe humo pia.

Kutoka hapo alirudi kwenye majalada ya Mulago. Watoto waliovimba taya walikuwa, mara kwa mara, na uvimbe mwingine kwenye figo, tezi za juu ya figo, ovari, ini, au kando ya uti wa mgongo, ambako uliwapoozesha miguu. Hadi wakati huo kila uvimbe ulikuwa ukipewa jina la kiungo ulikoonekana. Wa taya uliitwa saratani ya taya na wa figo saratani ya figo, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyaweka majalada hayo kwenye meza moja. Burkitt aliyaweka pamoja, na mwaka 1958 akachapisha katika jarida la upasuaji la Uingereza maelezo ya watoto 38. Wanapatholojia wa Kampala, Jack Davies na Gregory O'Conor, ndio walioonyesha kwa hadubini kwamba vivimbe hivyo vyote ni limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu. Leo dunia nzima inaiita limfoma ya Burkitt.

Somo la tukio hilo linahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Taya halikuwa chanzo kilichotuma mbegu figoni. Ugonjwa ulikuwa wa seli ambazo kwa asili yake huzunguka mwilini, na taya lilikuwa mojawapo tu ya mahali zilipotua, lililowahi kuonekana kwa sababu uso hauna nguo. Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu. Unaweza kujizidisha maradufu kwa siku moja au mbili. Daktari anayetazama taya peke yake hupanga upasuaji usio na faida. Anayemtazama mtoto mzima huanza dawa.

Yaliyofuata yaliiweka Kampala katika historia ya tiba. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa wameona ndani yake kirusi kilichokuwa hakijulikani, ambacho sasa kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ramani ya ugonjwa, ambayo Burkitt aliifuatilia mwaka 1961 kwa safari ya gari ya majuma kumi kuelekea kusini mwa Afrika, ilifanana na ramani ya malaria kali, na baadaye malaria ilithibitika kuwa mshirika wa kirusi hicho. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, chini ya John Ziegler, ambacho kilikua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Huko ilidhihirika kwamba dawa za saratani zinaweza kumponya mtoto wa limfoma ya Burkitt, na pia kwamba ugonjwa huu hurudi kwa kujificha kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa za kawaida hufika kwa shida. Kwa hiyo dawa ililazimika kupelekwa huko moja kwa moja, kwa sindano ya mgongoni.

Saratani ya seli bapa ya mtu mzima ina mwenendo tofauti. Hii kweli hutuma mbegu, na neno hilo lina historia. Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alichambua kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi na kuuliza kwa nini ini hushambuliwa sana, huku wengu, ambao nao hupata damu nyingi, ukisalimika. Akajibu kwamba mbegu huchukuliwa kila upande, lakini huota tu zinapoukuta udongo unaozifaa. Miaka 39 baadaye, Mmarekani James Ewing alishikilia kwamba mpangilio wa mishipa unatosha kueleza yote. Utafiti wa tangu wakati huo umewapa haki wote wawili. Mishipa huamua seli zitafika wapi kwanza, na tishu za mahali hapo huamua zipi zitaishi.

Tuanze na mishipa. Limfu ya upande wa kushoto wa shingo na ya sehemu kubwa ya mwili humiminwa kwenye vena kubwa chini ya mfupa wa mtulinga. Ya kulia ina mfereji wake mfupi. Damu ya vena hiyo huingia upande wa kulia wa moyo na kusukumwa mapafuni, ambako hupita kwenye vishipa vyembamba kupindukia. Seli nyingi za saratani hunaswa hapo. Ndiyo sababu mapafu yanaongoza, na ndiyo sababu uvimbe ulio figoni au ubongoni huku mapafu yakiwa safi humshangaza daktari: ni kana kwamba seli zimeruka kituo.

Zipo njia za kukiruka. Mwaka 1940 mwanaanatomia wa Philadelphia, Oscar Batson, alieleza mtandao wa vena unaouzunguka uti wa mgongo kuanzia nyonga hadi fuvu. Vena hizi hazina vali, kwa hiyo damu yake inaweza kwenda juu au chini kutegemea shinikizo. Mtu anapokohoa, anapojikamua chooni au anapobeba mzigo mzito, shinikizo la kifua na tumbo hupanda na damu husukumwa kuelekea mtandao huo. Seli inayosafiri humo inaweza kufika kwenye pingili za mgongo au ndani ya fuvu bila kupita mapafuni. Zaidi ya hayo, seli chache hupenya vishipa vya mapafu zikiwa hai, na uvimbe mdogo wa mapafuni, usioonekana kwenye eksirei, unaweza wenyewe kuwa chanzo cha mbegu mpya zinazoingia kwenye damu ya ateri na kufika popote.

Njia nyingine hutokana na matibabu yenyewe. Tezi za shingo zikiondolewa kwa upasuaji, au zikikauka kwa mionzi, au zikijazwa kabisa na saratani, limfu hutafuta mkondo mwingine. Inaweza kurudi nyuma kuelekea ngozi, kuvuka upande wa pili wa shingo, au kushuka kifuani hadi kwapani. Vinundu vya ngozi ya kifua na tezi za kwapa kwa mtu aliyetibiwa saratani ya ulimi hueleweka kwa njia hiyo. Hali kadhalika mpira wa kulishia tumboni: ukiingizwa kwa kuvutwa kupitia mdomo wenye uvimbe, unaweza kukwangua seli na kuzipandikiza kwenye tundu la ngozi ya tumbo. Tukio hilo ni nadra, na huepukwa kwa kuuingiza mpira moja kwa moja kupitia ngozi.

Kisha kuna aina ya saratani yenyewe. Ile ya koromeo la nyuma ya pua, inayohusishwa na kirusi kile kile cha Epstein-Barr, husambaa mbali zaidi kuliko ndugu zake, na hupendelea mifupa. Nchini Kenya, Peter Clifford aliichunguza katika miaka ya 1960, na ilionekana zaidi kwa watu wa nyanda za juu za Bonde la Ufa. Saratani ya tonsili na ya shina la ulimi inayosababishwa na kirusi cha papiloma, kile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, hupona vizuri zaidi, lakini inaposambaa inaweza kuchelewa zaidi ya miaka miwili, ikagusa viungo kadhaa kwa pamoja, na kufika kwenye ngozi au ubongo. Saratani nyingine za eneo hili, zikisambaa, kwa kawaida hujionyesha ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kipindi hicho kikifanywa mwisho wa ufuatiliaji kwa kila mgonjwa, wengine wataachwa mapema mno. Uganda ilianza kutoa chanjo ya papiloma kwa wasichana nchi nzima mwaka 2015.

Hata hivyo, kabla ya kukubali kwamba uvimbe wa mbali ni usambaaji, yapo maswali mawili, na kwa Kampala yana uzito kuliko mijadala ya mishipa.

La kwanza: je, ni saratani nyingine? Mwaka 1953 Danely Slaughter na wenzake walionyesha kwamba kwa mtu aliyeathirika na saratani ya mdomo, utando mzima wa eneo hilo huwa umeharibika, hata pale unapoonekana mzima. Tumbaku na pombe huharibu njia yote ya hewa na ya chakula, na zikitumiwa pamoja hatari huzidishana. Kwa hiyo uvimbe wa pafu kwa aliyetibiwa saratani ya zoloto unaweza kuwa saratani mpya ya pafu, na ugumu wa kumeza unaweza kuwa saratani mpya ya umio, ambayo ni ya kawaida sana katika ukanda wetu. Tofauti hiyo ina maana, kwani saratani mpya iliyogunduliwa mapema bado inaweza kutibika. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 ya kudhibiti tumbaku ilipiga marufuku shisha na tumbaku ya kutafuna, kuber ikiwa miongoni mwake. Kuitekeleza sheria hiyo kwenye vibanda ni kinga ya saratani zote mbili, ya kwanza na ya pili.

La pili: je, ni ugonjwa mwingine kabisa? Kivuli kwenye eksirei ya kifua, tezi iliyovimba shingoni, pingili ya mgongo iliyoliwa: vyote vitatu vinaweza kuwa metastasisi, na vyote vitatu vinaweza kuwa kifua kikuu. Palipo na TB nyingi, kuanza na dawa za TB ni jambo la busara. Kosa huingia pale dawa zinapoendelea kumezwa mwezi baada ya mwezi huku tezi ikizidi kukua na hakuna anayeitoboa kwa sindano kuchukua seli zikapimwe. Kosa hilo lina sura yake ya pili, ambapo mtu aliyewahi kuugua saratani huambiwa imerudi na kuachwa afe, kumbe ana kifua kikuu kinachotibika. Ipo pia saratani ya Kaposi, inayojulikana sana Uganda, ambayo kwa mtu mwenye VVU inaweza kuota kwenye kaakaa, ngozi, utumbo na mapafu kwa wakati mmoja. Kama ilivyo kwa limfoma ya Burkitt, anayehesabu viungo atadhani ni magonjwa manne.

Swali la wingi nalo linahitaji tahadhari. Karibu kila tunachokijua kuhusu usambaaji usio wa kawaida kimetoka kwenye taarifa za mgonjwa mmoja mmoja, na majarida huchapisha kilicho nadra. Taarifa ya namna hiyo huthibitisha kwamba jambo linawezekana, lakini haisemi linatokea mara ngapi. Uchunguzi wa maiti, popote ulipofanywa kwa utaratibu, ulikuta usambaaji mwingi kuliko ulioonekana wagonjwa wakiwa hai. Mengi yanayoitwa nadra ni yale ambayo hayakupigwa skani. Kampala ina Sajili ya Saratani iliyoanzishwa Makerere katika miaka ya 1950, miongoni mwa za kale zaidi barani Afrika, inayohudumia kaunti ya Kyadondo. Sajili huhesabu saratani mahali zinapoanzia. Mpangaji wa Kisenyi aliyetibiwa Mulago, kisha akarudi kijijini Arua, Goma au Mogadishu, akaanza kuumwa mgongo huko, hana jalada linalounganisha mgongo wake na ulimi wake.

Kuchelewa nako kunaingia katika mwenendo wa ugonjwa. Mojawapo ya dalili zinazotabiri usambaaji wa mbali ni saratani kupasua ganda la tezi ya shingo na kumwagikia tishu za jirani. Nyingine ni wingi wa tezi zilizoathirika, na tezi za chini karibu na mtulinga. Zote hizo huongezeka kadiri muda unavyopita bila tiba. Mashine ya mionzi ya Mulago, iliyopatikana mwaka 1995, iliharibika kabisa mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Katika kipindi hicho baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, na wengi hawakuwa na pa kwenda. Mashine imara na foleni fupi huzuia uvimbe wa shingo kufika mgongoni.

Kituo cha afya cha Kisenyi ni cha ngazi ya nne, ngazi ambayo katika mfumo wa Uganda iko juu ya zahanati na chini ya hospitali. Hakikuundwa kuwa kituo cha saratani, na hakuna haja kiwe. Lakini ndiko mtu hufika kwanza, au hufika baada ya duka la dawa kushindwa. Kazi yake katika suala hili haihitaji mashine. Kidonda cha mdomoni, sauti iliyokauka au uvimbe wa shingo uliozidi wiki tatu ni sababu ya rufaa, si ya dozi ya tatu ya antibiotiki. Sikio moja lililoziba pamoja na pua inayotoka damu mara kwa mara huhitaji nyuma ya pua kuangaliwa. Mtoto aliyevimba taya apapaswe tumbo na atazamwe miguu kabla ya kutumwa kung'olewa jino. Na aliyewahi kutibiwa saratani yoyote ya kichwa au shingo, akija na maumivu mapya ya mgongo yanayomwamsha usiku, apimwe nguvu za miguu siku hiyo hiyo. Uti wa mgongo unaobanwa huokolewa kwa saa, na mtu aliyekwisha kupooza kwa kawaida hatembei tena.

Juu ya hayo yote, historia iandikwe mahali ambapo mgonjwa anaweza kuibeba. Mstari mmoja kwenye daftari lake la kliniki, unaotaja saratani iliyokuwa wapi, ilitibiwa lini na kwa njia gani, kwa upasuaji, mionzi au dawa, humwezesha muuguzi wa Kisenyi, Mbale au Bukavu kuuliza swali sahihi. Pasipo mstari huo, mgonjwa mmoja huwa wagonjwa watatu katika vyumba vitatu, na kila chumba humtibu kwa haki lakini vibaya. Wizara, jiji na Taasisi ya Saratani zinaweza kuufanya mstari huo kuwa lazima kwa kila anayeruhusiwa kutoka wodini. Gharama yake ni wino, na faida yake ni mtu anayebaki na miguu yake.